Tani 12 za Nyumba ya Bibi

Mhadhara juu ya maisha ya kila siku ya zamani Matongo, uliotolewa Tarime mjini

 

Naomba nianze na sheria, ingawa mimi ni mwalimu tu. Mtu akihamishwa kwenye ardhi yake hapa nchini, kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zinataka alipwe thamani ya ardhi yenyewe, ya nyumba na ya mazao, aongezewe posho ya usumbufu, posho ya makazi kwa hesabu ya kodi ya miezi 36, halafu posho ya usafiri. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishika shati. Inakokotolewa kwa gharama ya kubeba mzigo wa tani 12 kwa kilomita 20. Tani 12, ndugu zangu. Fuso inajaa, inarudi, inapakia tena.

Usiku mmoja usingizi ulinipaa, nikaanza kuipakia nyumba ya bibi yangu kichwani mwangu, kitu kimoja kimoja. Mitungi mitatu ya maji, mmoja una ufa uliozibwa kwa lami. Vyungu. Vibuyu vya maziwa ya mgando, ambavyo ukivijumlisha vyote havifiki kilo nne. Kitanda cha kamba. Ngozi mbili za ng'ombe. Nyungo, vikapu, mwiko, jembe lililolika hadi likawa kama kijiko. Sanduku la bati lililorudi na baba mdogo kutoka jeshini mwaka 1979, baada ya vita vya Uganda, likiwa na redio ndani yake. Jiwe la kusagia. Kuku niliwapa kilo moja na nusu kila mmoja, kwa ukarimu. Ng'ombe sikuwahesabu, wao wangetembea. Nikang'oa hata milango. Ilipofika saa kumi alfajiri nilikuwa sijafikisha tani moja.

Sasa nimeombwa niseme jinsi watu walivyoishi Matongo zamani, kabla mahali pale hapajawa habari ya gazeti. Nitajaribu kuzijaza hizo tani zilizobaki.

Kwa wageni niseme kidogo. Matongo ni kata ya Wilaya ya Tarime, katika eneo ambalo nchi nzima inalijua kwa jina la Nyamongo, yaani kwa Wanyamongo, mojawapo ya koo za Wakurya. Kusini kwetu unapita Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Serengeti. Katikati yetu unapita Tigithe, mto mdogo ambao nitaurudia. Mgodi wenyewe unaitwa North Mara, jina la wilaya yetu tangu zama za mkoloni. Serikali ililiacha siku nyingi, wawekezaji wakaliokota.

Kuhusu jina la kata, niruhusuni nipotee njia kidogo. Watu wa pwani huita tongo mahali palipokuwa na makazi pakahamwa. Ndiyo maana kule Tanga pana Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Sisi Wakurya tuna ritongo, baraza la watu wote, panaposemwa mambo mbele ya kila mwenye masikio. Sidai kwamba jina la kata yetu limetoka kwenye neno hili au lile, kwa kuwa mambo ya majina yana wenyewe. Lakini kila nikiandika "Matongo" juu ya bahasha, maneno hayo mawili hunijia pamoja: mahali palipohamwa, na mahali watu wanapokutana kusemezana.

Aliyeniomba mhadhara huu alinitajia mabonde ya Wales, kule Uingereza. Mwanzoni niliona ananitania. Nilipoanza kusoma nikaacha kucheka. Yalikuwa mabonde ya kondoo na mvua, yakachimbwa makaa ya mawe hadi kufikia mwaka 1920 wachimbaji wakawa zaidi ya 250,000. Watu walifika kutoka kila upande, wakapanga nyumba zao kwa mistari mirefu ubavuni mwa mlima, wakajenga makanisa na kwaya, na wakakatwa senti kwenye mishahara ili kujenga kumbi zenye maktaba. Leo sehemu kubwa ya ule uchimbaji wa chini imekwisha. Katika bonde la Rhondda, lenye jina kuliko yote, shimo la mwisho lilifungwa mwaka 1990. Walichofanya wenzetu ni kukusanya. Mgodi wa Big Pit ulifungwa 1980, na mwaka 1983 ukafunguliwa tena kama makumbusho. Kule Swansea, tangu 1973, ipo maktaba ya wachimbaji iliyookoa vitabu vya zile kumbi na kuhifadhi sauti za wazee zilizonaswa kwenye kinasa sauti.

Kinachonivutia kwa wazee wale ni mambo wanayoyakumbuka. Ukimwuliza mtu wa Wales habari ya mgodi atakupa mara moja ajali na migomo, na anayo mingi. Ukimwacha aendelee, anakufikisha kwenye beseni. Kabla migodi haijajengewa mabafu, mwanamume alirudi nyumbani mweusi tii, akaoga kwenye beseni la bati mbele ya moto wa jikoni. Maji aliyachota mke, akayachemsha yeye, akayamwaga yeye. Kama wana watatu walikuwa zamu tofauti, mama huyo hakulala. Watoto waliungua kwa maji hayo. Kwa hiyo historia ya makaa ya mawe, ukiitazama kutokea jikoni, ni historia ya mwanamke na ndoo. Nikafunga kitabu nikajiuliza: sisi beseni letu ni lipi?

Ni jiwe la bibi.

Lilikuwa la kijivu kinachoelekea weusi, refu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, limelala kwa mteremko kama mtu aliyeegemea ukuta. Juu yake lilikaa jiwe dogo la kushikwa kwa mikono miwili. Bibi alipiga magoti nyuma yake kabla ya jogoo wa pili, akamwaga ulezi na vipande vya muhogo mkavu, akaanza. Sauti yake haikuwa ya kupiga, ilikuwa ya kukwaruza, kwenda na kurudi, na pumzi ya bibi ikipita katikati. Nyumba za jirani nazo zilikuwa zinasaga. Sisi watoto tulijua habari za kijiji tukiwa bado chini ya blanketi: wanaosaga muda mrefu wana mgeni, au wana pombe ya kazi, nyumba iliyo kimya ina mgonjwa. Likisimama jiwe ghafla, halafu yote yakasimama, hapo mtu aliamka bila kuamshwa, kwa kuwa maana yake ni kwamba kuna aliyesikia yowe la wizi wa ng'ombe.

Jiwe huwa linalainika kwa kusaga, na likilainika halisagi tena, linasugua tu. Kwa hiyo kila baada ya muda bibi alilikalisha juani akaligonga kwa jiwe jingine gumu, taratibu, shimo dogo baada ya shimo dogo, hadi likaota meno upya. Unga wa siku hiyo ulikuwa na mchanga. Tulikula hivyo hivyo. Mtu akilalamika aliambiwa, "Mura, meno yako ni ya nini?"

Jiwe hilo lilikuwa limekwisha kuhamishwa mara moja kabla sijaweza kukumbuka. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliokaa mji mmoja mmoja, kila mtu na zizi lake, waliambiwa wakakae kwa mistari. Hapakuwa na mthamini wala tani. Vyombo vilihamia kichwani. Jiwe lilifungwa kwenye tela la miti lisilo na magurudumu, ng'ombe wawili wakalivuta. Bibi alisimulia kwamba alitembea nyuma yake njia nzima, akilitazama kama mtu anayesindikiza maiti, na alipofika kitu cha kwanza alichokifanya ni kulitafutia pa kulala. Paa lilifuata baadaye.

Nimesema nyumba ya bibi, na wenyeji mmeshaelewa, ila wageni wanadhani ni mazoea ya kusema. Ilikuwa yake kweli. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume alipofariki alitoa ng'ombe akaoa. Ndiyo nyumba ntobhu. Aliyeolewa ndiye aliyenizaa. Nimekua nikila kwa wanawake wawili, mmoja akiwa bibi na mwenye mji, mwingine akiwa mama, na sikuona ajabu yoyote mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu na kutakiwa kujaza fomu yenye nafasi ya jina la baba. Baba mdogo niliyemtaja, mwenye sanduku, alikuwa wa ukoo. Zawadi yake kubwa haikuwa redio. Ilikuwa ni kujua saa: alivaa saa ya mkono, na jioni watoto tulipanga foleni kumwuliza saa ngapi, naye alijibu kila mmoja peke yake kama daktari.

Miaka ile ya mwanzo wa 1980, wengi wenu mnakumbuka, duka lilikuwa na chumvi na kiberiti, na kiberiti chenyewe si kila siku. Sabuni ilitoka ng'ambo, Kenya, kupitia vichochoro vya Sirari. Mwaka 1983 ulipopigwa vita uhujumu uchumi, mama alichimba shimo nyuma ya kihenge cha ulezi, akazika vipande vinne vya sabuni vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Mvua ikanyesha. Tulikuwa na kona ya ua iliyotoa povu kwa wiki mbili, na kila aliyepita alijifanya haoni.

Jioni tulirudisha ng'ombe kutoka Tigithe. Mto ule ulikuwa bafu, dobi, shule ya kuogelea na mahali pa kupigania heshima. Wanawake walifua upande wa juu, wavulana tulioga chini yao, ng'ombe wakanywa chini yetu. Mpangilio huo hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja. Ugali ulikuwa mweusi wa ulezi, ukiuchanganya na muhogo unavutika. Siku ya kuchinja palikuwa na kichuri, na hapo sitasema zaidi, maana nawaona wageni wawili wamekunja uso na wenyeji wameanza kumeza mate. Baada ya kula, kama mwezi upo, mzee mmoja wa mji wa pili alilitoa litungu lake. Nyuzi nane. Hakuimba sana. Alikuwa anasema habari za watu kwa kuzungukazunguka, na aliyehusika ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kwamba anasemwa.

Dhahabu ilikuwepo siku zote. Mkoa wetu ulichimbwa tangu zamani za wakoloni, Buhemba na Kiabakari ni mashahidi. Kwetu lakini ilinoga miaka ya mwisho ya 1980, watu walipoanza kuchimba wenyewe na wanunuzi wakawa hawajifichi tena. Waliingia watu wa Shinyanga na Geita, waliingia Wajaluo na Wakisii, na kijiji kikaanza kuongea Kiswahili mchana na lugha kumi usiku. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha mwenyekiti. Watu husema dhahabu ilileta ulevi na fujo, na ni kweli ilivileta. Hawasemi kwamba ndiyo iliyotufundisha lugha ninayowahutubia.

Nilijifunza pia Kiswahili kisichokuwa kwenye kitabu cha shule. Shimo ni duara. Mawe yenye dhahabu ni mbale. Magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke ni matimba. Kuosha kidogo kwenye karai ili ujue kama mawe yana kitu ni kusesa. Mchanga uliokwisha kuoshwa ni marudio, na jina limekaa sawasawa, kwa sababu kila mara hurudiwa na mtu mwenye njaa zaidi. Mifuko ya mbale ikitoka, kuna mgao: mwenye shamba, mwenye duara, na wale walioshuka. Nimewaona watu wasiojua kusoma wakigawa mifuko 17 kwa mafungu yasiyolingana bila kukosea, na nimewahi kufundisha vidato ambavyo visingeweza.

Hapa naungama. Nilikuwa darasa la saba, na kwa muda wa karibu mwezi mmoja nilitoka nyumbani na daftari nikaishia kwenye maduara, kubeba mifuko. Malipo yangu yalikuwa mawe kiasi cha kujaza kofia. Niliyaleta nyumbani nikiwa najiona mwanaume. Bibi aliyatazama, akatazama jiwe lake, akasema jambo moja tu: "Huku chakula."

Mama ndiye aliyelitatua. Wakati huo ilikuwa imefungwa mashine ya kusaga ya dizeli kwenye njia panda, na wanawake walikuwa wameanza kupeleka nafaka huko. Wengi wanasimulia mashine ile kama mkombozi wa wanawake, na magoti ya bibi yangu yangekubali. Lakini tazameni ilivyokwenda. Mashine ilitaka pesa taslimu. Pesa taslimu ilikuwa kwenye mbale. Mikono iliyopumzishwa na unga ikaenda kuponda mawe ili ilipie unga. Mama akaligeuza jiwe juu chini, upande uliolala ardhini ukatazama mbingu, na juu ya upande huo akaanza kuponda mbale yangu. Bibi aliridhika, maana uso wa chakula ulikuwa umefichwa, haujaguswa. Kusaga ni kwenda na kurudi, kuponda ni kugonga palepale, na ndani ya miaka michache upande wa pili ulikuwa na vishimo vitatu vya duara, kimoja kinatosha kukaa yai.

Alfajiri ikabadilika sauti. Badala ya kukwaruza, ko, ko, ko, kutoka kila ua. Bibi alisema sasa hawezi kujua nani ana mgeni.

Na jikoni kukaingia zebaki. Unga wa mawe ulioshwa, ukachanganywa na tone la zebaki kiganjani, likakusanya punje zote kama kuku anavyokusanya vifaranga, halafu likakamuliwa kwenye kitambaa. Kilichobaki kiliwekwa juu ya makaa, palepale penye sufuria, na moshi wake mweupe ukapita chini ya pua zetu. Hakuna aliyetuambia ni sumu. Tuliinama tuone vizuri, kwa sababu mwisho wa moshi kulikuwa na kitu cha manjano kikubwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kichwa hicho kilikuwa daftari, kanga, au debe la mahindi.

Yaliyofuata mnayajua, nitayapita haraka. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya kampuni ya Afrika Mashariki, ukaingia mikononi mwa Placer Dome, mwaka 2006 ukawa wa Barrick, ukapita kwa African Barrick Gold iliyobadili jina na kuitwa Acacia, na tangu 2019 umerudi kwa Barrick, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Nyabirama, Nyabigena na Gokona, majina ya mahali, yakawa majina ya mashimo. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini. Hayo yameandikwa, yamejadiliwa bungeni, yamefika hadi London. Leo sikuyajia. Nitasema tu kwamba Tigithe ilipoharibika, wakubwa walizungumza habari ya ng'ombe na maji ya kunywa, kama ilivyopasa, na sikusikia mtu akiuliza wavulana sasa wanapigania wapi heshima.

Nilichojia ni karatasi. Miaka kadhaa iliyopita mtu wa kwetu alinionyesha karatasi ya uthamini wa mji wake, nami nikaomba nikae nayo usiku mmoja. Nilidhani nitasoma pesa. Nikajikuta nasoma maisha. Nyumba moja ya matofali ya udongo, bati, vyumba vitatu. Jiko la nje, nyasi. Choo. Kihenge. Miembe minne, mmoja umekomaa. Migomba. Mkonge wa mpakani, kwa mita. Kaburi, idadi. Ndugu zangu, nimefundisha historia maisha yangu yote na sijawahi kushika hati iliyoeleza mji wa Mkurya kwa ukaribu namna ile. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel alikaa kwa Wakurya miaka ya 1950 akaandika mambo makubwa ya rika na ibada, nami namheshimu, lakini hakuhesabu migomba ya mtu. Bila kukusudia, wathamini wametuandikia kumbukumbu zetu, mji kwa mji, mti kwa mti, zimelala kwenye majalada.

Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka tegesha.

Hapa wenyeji wanacheka, basi niwaeleze wageni. Fununu ikisikika kwamba eneo fulani litachukuliwa, watu hutegesha. Usiku na mchana zinaota nyumba. Tofali zimesimamishwa kwa tope, bati jepesi juu, dirisha limechorwa tu. Miembe inapandwa karibu karibu kama mchicha. Wengine walikopa wajenge, wakaingia ubia na watu wa mjini: wewe una ardhi, mimi nina bati, fidia tunagawana. Mgao ule ule wa kwenye duara, mwenye shamba na mwenye mtaji, ila safari hii kinachochimbwa ni karatasi. Serikali ililaani, mgodi ukalaani, na mimi sitawatetea wala sitawahukumu. Mtu aliyeona jirani yake akihama na hela ya miembe minne, naye anao mmoja, ana haki ya kufikiri.

Ila mfikirieni mwanahistoria wa mwaka 2120. Atafungua majalada akute kijiji kikubwa sana. Ataandika kwamba Wanyamongo wa mwanzo wa karne ya 21 walipenda maembe kupita kiasi. Atachora ramani ya nyumba mamia, na hatajua ni zipi ambazo hakuna mtoto aliyewahi kulia ndani yake, hakuna ugali uliowahi kuungua, hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa na mkewe. Nyumba ya tegesha na nyumba ya bibi zitakuwa na mistari ile ile: bati, tofali, choo, kihenge. Pale penye jina la mwenye mji na mwenza wake, sijui kwa bibi yangu wangeandika nini. Alifariki 1998, hakuna aliyelazimika kuandika.

Kwa hiyo nimeanza orodha nyingine. Sina ofisi, nina wanafunzi wa zamani na mabibi zao. Nawaambia wasiulize maswali makubwa. Ukimwuliza bibi "maisha ya zamani yalikuwaje," atakujibu kwamba watoto waliheshimu wakubwa, na hapo mazungumzo yamekufa. Muulize kibuyu kilifukizwa kwa kijiti cha mti gani. Muulize nani alioga upande gani wa Tigithe. Muulize ni siku gani alisikia mashine ya kusaga kwa mara ya kwanza na alikuwa amebeba nini. Kijana mmoja alileta majibu ya bibi yake yakiwa kurasa nane, nane zote kuhusu nzi: wapi walikuwepo, wapi hawakuwepo, walikuja lini. Nilitaka kumrudishia aandike upya. Nikazisoma tena, nikaona ni historia ya mazizi yalivyohamishwa mbali na nyumba, ya ngozi zilivyoanza kuuzwa mbichi, na ya takataka za maduara. Nimempa alama zote.

Wenzetu wa Wales walianza kukusanya mashimo yalipokuwa yanafungwa, wachimbaji wao wakiwa wazee wenye kikohozi na muda mwingi. Sisi shimo liko wazi, lori linapita, na wanaokumbuka kusaga wanapungua kila msimu wa mvua. Baadhi ya vijana wanaoniuliza kwa nini nahangaika na vibuyu ni wale wale ambao jioni watakuwa kwenye vifusi wakiokota mawe, nami sina jawabu la kuwashibisha. Nawaambia walete mawe, na walete na maneno.

Muda wangu umekwisha, mwenye funguo za ukumbi ananitazama. Maswali tutayachukua nje, chini ya mti, kwa sababu kuna kitu nataka mkione. Nimekuja nalo jiwe. Liko kwenye buti la gari, limefungwa kwenye gunia, na nitahitaji kijana mmoja mwenye mgongo. Akina mama wazee watapitisha mkono upande wa juu, ule wa ulezi, waniambie bibi aliligonga mara ya mwisho lini kabla ya kuliacha. Wao wanaweza kujua kwa vidole. Nyinyi vijana geuzeni upande wa pili, muone vile vishimo vitatu.

Jana nilipita nalo kwa mfanyabiashara wa mahindi, nikaomba mzani wake. Kilo 38. Nimeziandika. Bado tani 11 na kilo 962.